Ua Aliloliona Fred

Mbuke alirudi kazini siku ya kumi na mbili baada ya mazishi ya mumewe. Alifika saa mbili kasoro kama siku zote, akavaa koti jeupe, akafungua dirisha la chumba cha sampuli, akavuta kiti. Dokta Danieli, mkuu wa kituo, alimkuta ameshawasha taa ya hadubini.

"Mbuke, nani kakuita?"

"Hakuna, dokta."

"Barua yako ya likizo nimeisaini. Una mwezi mzima."

"Nyumbani nitafanya nini?"

Danieli alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, kisha akaenda zake.

Kilikuwa kituo kidogo cha utafiti wa mimea, katika nyumba ya zamani pembeni mwa mji wa Iringa. Kilikuwa na makabati arobaini ya chuma, na ndani ya makabati hayo mimea elfu kumi na kitu iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: umechumwa wapi, lini, na nani. Kazi ya Mbuke ilikuwa kuipa majina. Mtu akileta mmea asioujua, Mbuke anahesabu petali, anapima urefu wa kikonyo, anatazama vinyweleo, anaulinganisha na wenzake waliomo kabatini, halafu anasema huu ni ndugu wa ule, na jina lake ni hili. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Watu wa Dar es Salaam walimtumia picha kwa simu, naye alijibu akiwa anakula.

Fred alikuwa dereva wa kituo. Hakusomea mimea, alimaliza kidato cha nne, akajifunza gari kwa mjomba wake. Lakini miaka mingi ya kuwapeleka wataalamu milimani ilimpa jicho. Aliweza kuwa anapambana na utelezi, mikono yote miwili kwenye usukani, huku akisema, "Pale juu ya jiwe, kulia, ile ya njano mliyoitafuta mwaka jana." Mbuke alikuwa Msukuma wa Ubaruku, mtoto wa wafugaji waliohamia bonde la Usangu na kugeuka wakulima wa mpunga, Fred alikuwa Mnyakyusa wa Igawilo, nje kidogo ya Mbeya. Walioana baada ya kusafiri pamoja misimu mitatu. Mtoto hawakujaliwa kupata.

Mwishoni mwa Januari Fred alipeleka gari Mbeya kwa matengenezo. Alipokuwa akirudi asubuhi, ukungu ulikuwa umefunga barabara karibu na Sao Hill, na lori la magogo lilikuwa limeharibikia njiani bila kuwekewa hata tawi la kuonya. Daktari alimwambia Mbuke kwamba mumewe hakuteseka. Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake kitu. Mbuke akamshukuru.

Tangu saa ile hakulia. Igawilo, mbele ya kaburi, wanawake walimshika mikono wakamwambia, "Lia, mama, utaumwa." Alijaribu. Aliangalia udongo mwekundu na miparachichi nyuma ya nyumba ya wakwe zake, akangoja kitu kije, hakikuja. Ilikuwa kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, unaubana, hausikii. Kaka yake Bujiku alipiga simu kutoka Ubaruku, akasema arudi nyumbani apumzike kidogo. "Wiki ijayo," Mbuke alimjibu, na wiki iliyofuata akamjibu hivyohivyo, mpaka Bujiku akaacha kuuliza.

Kwenye kikaushio kulikuwa bado na kifurushi cha safari yao ya mwisho, ya katikati ya Januari, kwenye misitu ya ukingoni mwa Mufindi, pale mashamba ya chai yanapokoma na ardhi kuporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Mbuke alikata kamba, akapanga mezani magazeti yaliyobana mimea, akaanza na la kwanza. Siku ya tatu alifika kwenye mmea uliopewa namba mia nne na kumi na nane.

Ulikuwa mmea wa jenasi ya Impatiens, mimea laini ya kivulini ambayo tunda lake likiiva ukaligusa linapasuka na kurusha mbegu. Ua lake halikubali kukaushwa. Ukilibana kwenye gazeti linakuwa kama karatasi ya chooni iliyolowa. Ndiyo maana walikuwa wamehifadhi maua manne kwenye kichupa. Mbuke alilitoa moja kwa koleo ndogo, akaliweka chini ya hadubini, akalifungua sehemu kwa sehemu. Nyuma ya ua kuna mkia mwembamba unaobeba utamu wa kuwaita wadudu. Wa ua lile ulikuwa na urefu wa milimita thelathini na mbili. Katika spishi inayofanana nalo, ile ya kawaida ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anaijua, mkia hauzidi milimita kumi na nane. Tena ya kawaida ina vinyweleo shingoni, na hili lilikuwa laini kabisa.

Alimwita Danieli. Danieli aliinama juu ya hadubini muda mrefu.

"Mlilichuma nyie?"

"Fred ndiye aliyeliona. Alisimamisha gari akasema hili silijui."

Danieli aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mbuke, hili halina jina. Tutalipa jina la Fred."

Mbuke aliandika vipimo daftarini. Alijua kwamba hapo angetakiwa kusikia kitu, furaha au uchungu, chochote. Alifunga kichupa na kuandika tarehe.

Arobaini ya Fred ilifanyika Igawilo mwanzoni mwa Machi. Danieli alikuja na gari la kukodi pamoja na wafanyakazi watano wa kituo. Baada ya ibada, mchungaji alipowakaribisha wageni waseme neno, Danieli alisimama mbele ya kanisa na kueleza kwamba Fred Mwaipopo, aliyekuwa hana cheti chochote cha mimea, aligundua ua ambalo dunia haikuwa imelijua, na ua hilo litaitwa kwa jina lake kwa Kilatini, *Impatiens fredii*, na jina hilo litadumu vitabuni kuliko sisi sote. Watu walipiga makofi. Mama mkwe wake Mbuke, mama Esnath, alitoa kalamu kwenye mkoba, akamwomba Danieli amwandikie jina hilo vizuri, herufi moja moja, nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada.

Baba mkwe, mzee Asukile, alikuwa amekaa upande wa wanaume bila kugeuka. Katika miaka sita ya ndoa Mbuke hakuwahi kuongea naye uso kwa uso. Vijana wengi wa Kinyakyusa wameshaiacha desturi hiyo, lakini mzee Asukile alikuwa bado anashika ile ya zamani, kwamba mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Mbuke akiingia uani, mzee alipitia nyuma ya nyumba. Fred alimwambia mwanzoni kabisa kwamba hiyo ni heshima, si chuki, naye alizoea.

Ili ua lipewe jina, lilihitaji maelezo kamili, na maelezo kamili yalihitaji tunda na mbegu. Mwishoni mwa Machi Mbuke alirudi Mufindi. Dereva mpya wa kituo alimshusha kijijini, na kutoka hapo alitembea na Paskalina, mwanamke aliyekuwa akichuma chai na, siku ambazo hakuna chai, akiwaongoza wataalamu msituni. Paskalina alikuwa amemjua Fred.

"Kamwene, dada Mbuke," alimsalimia, akamshika mkono kwa mikono miwili na hakuuachia. "Tulisikia."

"Kamwene. Asante."

Walifika kwenye ile kona. Mimea ilikuwepo, kando ya barabara, kwenye ukingo ambapo jua la saa nne linafika. Mbuke alipima mikia ya maua ishirini. Thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini. Alichuma matunda. Kazi ilikuwa imekwisha, na angeweza kurudi garini.

Lakini kanuni aliyofundishwa, na aliyowafundisha wengine, ni kwamba mmea huupimi mahali pamoja tu. "Hapa chini kuna maji?" aliuliza.

"Kijito kipo. Lakini ni mteremko, utaanguka."

"Twende."

Walishuka wakishikilia mizizi. Mita hamsini chini ya barabara mimea ilikuwepo tena, kwenye kivuli, na Mbuke akapima: ishirini na saba, ishirini na sita. Alidhani amekosea rula. Mita hamsini nyingine: ishirini na tatu. Hapo vinyweleo vilianza kuonekana shingoni mwa ua, vichache, kama ndevu za kijana. Kule kijitoni, kwenye giza la miti mikubwa, mkia ulikuwa na milimita kumi na saba na vinyweleo vilijaa. Lilikuwa lile ua la kawaida, la mwaka wa pili.

Alikaa kwenye gogo. Mimea ilikuwa imesimama kuanzia kijitoni mpaka barabarani bila kukatika popote, kila mmoja ukifanana na jirani yake. Hakukuwa na mahali ambapo mtu angeweza kuweka mstari akasema hapa linaishia lile na hapa linaanza jipya.

Paskalina alikuwa akibinya matunda yaliyoiva na kutazama mbegu zikiruka. "Kwani unatafuta nini, dada?"

"Nilikuwa natafuta tofauti ya la kule juu na la huku chini."

"Si ndilo hilihili? La kule juu limepigwa jua tu. Sisi tunaliita jina moja."

"Ndilo hilihili," Mbuke alisema.

Hakusikia kitu hata hapo. Aliandika vipimo vyote, mimea mia moja na ishirini, vituo sita, akampa Paskalina maji anywe, wakapanda.

Alikaa na jambo hilo karibu mwezi mzima. Alifungua mbegu na kuzilinganisha. Alitazama chavua. Alitoa kabatini sampuli zote za spishi ya kawaida, tisini na tatu, za tangu enzi za Wajerumani, akakuta mbili zilizochumwa mahali pa wazi zenye mikia ya milimita ishirini na tano, ambazo hakuna aliyewahi kuzitilia maanani. Alichora grafu. Nukta zilipanda kama ngazi, hakuna pengo. Mwishoni mwa Aprili alimpelekea Danieli ripoti yake ofisini.

Danieli alizisoma kurasa zote nne. Akazirudia.

"Nani mwingine ameziona?"

"Wewe tu."

"Tungeweza kuliita aina ndogo, chini ya spishi ile. Jina la Fred likabaki hapo."

"Aina ndogo nayo inataka mpaka, dokta. Mpaka haupo."

Danieli alivua miwani akaipangusa kwa tai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameteremsha jeneza la Fred kwa mikono yake. "Mbuke, kule mteremkoni hakuna atakayeshuka miaka hamsini ijayo. Watakaoisoma makala watasoma tulichoandika. Ua la barabarani ni tofauti kwa macho, kila mtu ataona. Litamdhuru nani?"

Mbuke alifikiri swali lile kwa dhati, kwa sababu na yeye alikuwa amejiuliza. "Siku moja mwanafunzi ataleta mmea wa katikati," alisema. "Mkia ishirini na nne. Atatuuliza auweke wapi."

"Kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hajazaliwa."

"Na mimi ndiye niliyemfundisha Fred kwamba usiseme unalijua kama hulijui."

Danieli alivaa miwani. Alitazama nje, kwenye miti ya jakaranda. "Mimi ndiye niliyesimama kanisani," alisema taratibu. "Niliwaambia wazazi wake."

"Nitakwenda mimi."

"Sikuagizi."

"Najua, dokta. Nitakwenda."

Alichukua basi la asubuhi siku ya Jumamosi, katikati ya Mei. Walipopita Sao Hill alikuwa na karatasi zake mapajani, akasahihisha kosa la tahajia. Alishuka Uyole saa nane, akachukua bajaji mpaka Igawilo.

Mama Esnath alikuwa shambani nyuma ya nyumba, anachimba viazi. Alipomwona alinyoosha mgongo, akapangusa mikono kwenye kanga. "Mwanangu. Mbona hukupiga simu, ningepika."

"Nimekuja mara moja, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo kwanza umwone mwenzio."

Akampeleka kaburini. Saruji ilikuwa imekauka na vigae vyeupe vimewekwa. Kichwani, chini ya msalaba, fundi alikuwa amechora ua la rangi ya waridi lenye mkia mrefu nyuma, na chini yake maneno mawili ya Kilatini kwa herufi nyeusi, hayakukosewa hata moja. Fundi alilichora kutoka kwenye picha iliyokuwa kwenye simu ya Fred. Alikuwa fundi mzuri. Hata michirizi ya petali aliiweka.

"Wenzangu wa kikundi cha kanisani walichanga," mama Esnath alisema. "Wanakuja kulitazama. Mwalimu mmoja aliwaleta watoto wa shule."

Mbuke aliona kwamba akilala pale hata usiku mmoja bila kusema, hatasema tena. "Mama, nimekuja kwa ajili ya hilo ua."

Walikwenda kukaa barazani. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo, na Mbuke alisikia kiti kikisogezwa. Mzee Asukile alikuwepo. Mama Esnath alikaa, mikono magotini, kama mtu anayengoja kusomewa majibu hospitali.

Mbuke alimweleza. Hakutumia maneno makubwa. Alisema kwamba alirudi kule, akashuka mteremko, akapima. Alisema ua la juu na ua la chini ni kitu kimoja, jua tu ndilo limelibadilisha, na la chini lilikwisha kupewa jina zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa hiyo halitaitwa kwa jina la Fred.

Mama Esnath alipangusa udongo uliobaki kwenye vidole. Kuku mmoja alipanda ngazi za baraza na kushuka.

"Kwa hiyo halipo."

"Ua lipo, mama. Jina ndilo halipo."

"Dokta alisema kanisani."

"Alisema tulichokijua siku ile. Mimi ndiye niliyekwenda kupima tena."

"Ungeacha kwenda." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaja kitu kilichokuwa karibu na mkono.

"Ndiyo, mama. Ningeweza."

"Nitawaambia nini wenzangu?"

Ndani, mzee Asukile alikohoa. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida, akimsemesha mkewe kana kwamba Mbuke hayupo.

"Mama Fred. Muulize, Fred aliliona mwenyewe, au alionyeshwa?"

Mama Esnath alimgeukia Mbuke, ingawa alijua amesikia. "Baba yako anauliza."

"Aliliona mwenyewe," Mbuke alisema, akimtazama mama Esnath. "Mimi nilikuwa nimeinamia ramani."

"Muulize, gari lilikuwa linakwenda?"

"Lilikuwa linapanda. Gia ya pili. Aliliona upande wangu, akasimama katikati ya tope, nikamgombeza kwamba tutakwama."

"Mlikwama?"

Hilo aliliuliza moja kwa moja, bila kupitia kwa mkewe. Mama Esnath ndiye aliyelishika. "Anauliza, mlikwama?"

"Tulikwama, mama. Saa moja na nusu. Fred alikata matawi akayaweka chini ya tairi."

Basi mzee aliendelea kuuliza, na Mbuke akaendelea kujibu. Walikula nini siku ile? Mahindi ya kuchoma na chai ya chupa. Fred alisema nini kuhusu ua? Alisema silijui, halafu akasema, labda nalijua ila leo limevaa nguo nyingine. Mbuke alikuwa amelisahau neno hilo mpaka alipolitamka. Aliwaeleza kwamba spiriti ya kuhifadhia maua ilikuwa imekwisha, ikabidi wanunue chupa ya pombe kali kwenye duka la kijijini, na Fred, mtoto wa mzee wa kanisa, alikataa katakata kuingia dukani. Alimtuma mke wake, yeye akabaki garini amejifunika kofia usoni.

Mama Esnath alicheka, mkono mdomoni. Ndani kulisikika mlio mfupi kama wa mtu anayepiga chafya, na Mbuke akatambua kwamba mzee naye amecheka.

Jua lilikuwa limeshafika nyuma ya mlima. Baridi ya Igawilo ilianza kuteremka. Mama Esnath aliingia ndani akaleta shuka la kimasai, akamfunika Mbuke mabegani.

"Muulize," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kule Mufindi kuna baridi. Siku ile alikuwa amevaa sweta? Lile la kijani alilofumiwa na mama yake?"

Mbuke alifungua mdomo kujibu. Aliiona barabara, tope, matawi chini ya tairi. Aliliona ua, kila petali, vipimo vyake vyote, thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini. Alimwona Fred akiinama kuchuma, akiushika mmea chini kabisa, jinsi alivyomfundisha. Lakini pale kifuani na mabegani hapakuwa na rangi yoyote. Alitafuta. Alijaribu kijani, alijaribu koti la kituo, alijaribu fulana.

"Sikumbuki," alisema.

Akangoja, akatafuta tena. "Mama, sikumbuki alikuwa amevaa nini. Nilikuwa nimekaa naye siku nzima."

Mikono yake ilianza kutetemeka mapajani. Haikuwa kwa sababu ya baridi. Alitazama mikono hiyo kama anavyotazama kitu kilicholetwa na mtu mezani kwake, akaona haikomi. Mama Esnath alisogea, akaishika yote miwili, akaibana kwa nguvu mpaka ikauma, na Mbuke akasikia kwamba inauma.

"Mimi nimeanza kusahau sauti yake," mama Esnath alisema. "Jana nilikaa jikoni nikaitafuta. Ilikuja kidogo tu."

Ndani, kiti kilisogezwa.

Mbuke hakulia sana. Alilia kidogo, bila sauti, kama mtu anayejaribu njia asiyoijua, halafu ikaacha, na ile hali yake ya miezi minne ikarudi, labda nyembamba zaidi. Walikula viazi na maharage jikoni. Mama Esnath alimweleza habari za jirani ambaye migomba yake yote imeoza shambani, na bei ya mbolea, na Mbuke alisikiliza.

Asubuhi, kabla ya ibada, mama Esnath alimtuma mtu kumwita fundi. Fundi alikuja na ndoo yake, akasimama mbele ya kaburi, akauliza afute kipi.

"Maneno," mama Esnath alisema. "Maneno futa. Ua liache, mwanangu alilichuma kweli."

"Na hapo pakiwa wazi nitaweka nini?"

Mama Esnath alimtazama mkamwana wake. Mbuke alifikiri, akasema, "Usiweke kitu."

Fundi akaanza kukwangua. Mama Esnath alisema kanisani atasimama mwenyewe awaambie wenzake, na kwamba Mbuke asikae mbele, akae tu pale alipozoea, karibu na dirisha. Alikuwa ameshavaa gauni lake la Jumapili na alikuwa na wasiwasi, akikunja na kukunjua leso. "Niambie tena lile jambo la jua," alisema. "Polepole, nisije nikalikosea."

Mbuke alimweleza tena, tangu kijitoni mpaka barabarani, na mama Esnath akarudia kila sentensi baada yake. Walipotoka kwenda kanisani, mzee Asukile alikuwa ametangulia njiani, hatua hamsini mbele, bila kugeuka. Alikwenda taratibu kuliko kawaida yake, na kila walipochelewa kwenye tope, naye alisimama.